UZI: Mita 500 za kutoka nyumbani hadi steji, Mombasa (vipimo ndani, leteni na vyenu)

#1 VipimoPwani

Kila mjadala wa usafiri Mombasa huishia kwenye madaraja: Nyali, Makupa, Dongo Kundu, na feri ya Likoni ambayo haijawahi kukosa msemaji. Uzi huu ni wa kipande ambacho hakuna mkubwa anayekikatia utepe, zile mita mia tano za kutoka mlangoni hadi steji. Hapo ndipo mtu huamua atembee au aite boda, mtoto avuke peke yake au ashikwe mkono, bibi atoke akazuru jirani au akae ndani hadi presha impande. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wao ni wa miguu kwanza, ndipo matatu.

Naanza na mwendo wa magari kwa kuwa ndio unaoua papo hapo. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Akiwa na kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo imemsogeza mita 8.3, na breki nzuri kwenye lami kavu zitamsimamisha baada ya mita 5 zaidi. Jumla 13. Akiwa na 50, sekunde ile ile peke yake imekula karibu mita 14. Kwa hivyo mtoto akichomoka nyuma ya kibanda mita 13 mbele, dereva wa 30 amesimama. Wa 50 hajagusa breki, na atamgonga kwa 50 kamili. Huyo wa 50 angehitaji mita 28 hivi kusimama.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali za vifo hupanda kwa kama asilimia 4. Sheria yetu yaruhusu 50 mjini. Kwa barabara ya mtaa yenye madrasa, duka na kibanda cha viazi karai, mwendo wa kulenga ni 30.

Kupima hakuhitaji kifaa cha polisi. Weka alama mbili ukingoni, mita 50 kati yake, pima kwa utepe wa fundi na si kwa hatua. Kaa kando usionekane. Anza saa ya simu gurudumu la mbele likigusa alama ya kwanza, zima likigusa ya pili. 180 gawanya kwa sekunde, unapata kilomita kwa saa: sekunde 6 ni 30, sekunde 3.6 ni 50. Kidole huchelewa, na kuchelewa kwa sekunde 0.3 tu kwaweza kukupa 46 au 54 badala ya 50. Ukipata barabara iliyonyooka, tumia mita 100 na ugawanye 360. Chukua magari 100 yasiyobanwa na foleni, yapange kutoka la pole hadi la kasi, usome la 85, yaani mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Hiyo ndiyo namba ambayo mhandisi ataiheshimu. Ukimpelekea wastani, atakwambia mambo si mabaya.

#2 Ami_Makadara

Maneno mazuri, lakini dawa yake yajulikana: matuta. Tena huku mitaani kila mwenye nyumba ajiwekea lake.

#3 Kabro80

@Ami_Makadara na ndiyo balaa yenyewe hiyo, ami. Tuta la mwenye nyumba huwa na urefu wa sentimita 15 au 20 na upana wa nusu mita. Gari hufunga breki, hupanda kwa kishindo, kisha hukanyaga mafuta kwa hasira. Moshi unatoka mara mbili, mbele ya dirisha la huyo huyo aliyelijenga. Tuktuk, yenye gurudumu moja mbele, hulitafuta pengo la pembeni kwenye mtaro, na pembeni ndiko watu walikopita. Mgonjwa wa mgongo au mama wa miezi minane aliye kiti cha nyuma, sisemi.

Tuta la kitaalamu lina kimo cha sentimita 10 na upana wa mita 3.7 kwa umbo la mviringo wa taratibu. Ukilipita kwa 30 hulihisi sana. Ukilipita kwa 50 linakukumbusha. Moja halitoshi: dereva akishaliruka hurudi kwenye mwendo wake, kwa hivyo panga kila mita 60 hadi 100.

Bora kuliko tuta ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta lenye kilele bapa ambalo juu yake pamechorwa milia. Kilele mita 4, kimo sentimita 10, mteremko mita 1 kila upande. Mwenye kiti cha magurudumu anavuka bila kushuka wala kupanda, na dereva anamwona mtoto akiwa ameinuliwa sentimita hizo 10.

Kinachoharibika mara zote ni maji. Mkandarasi humwaga zege kutoka ukingo hadi ukingo, anaziba njia ya maji ya kandoni, na masika ya kwanza hufanya bwawa upande wa juu. Watu wakikwepa bwawa wanatembea katikati ya barabara, na kivuko kimeongeza hatari iliyokuja kuondoa. Acha bomba la milimita 150 kila kando kabla ya kumwaga, na uweke mfuniko wa kufunguka ili lizibuliwe. Halafu rangi. Kivuko kisicho na rangi usiku ni mtego wa boda.

#4 Nesi_Tononoka

Ajali zinaonekana, ndiyo maana zinatajwa kwanza. Wale wengine, wa presha na sukari, huja polepole na kadi ya kliniki mkononi.

Mtu mzima ahitaji dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Gawanya kwa siku saba: dakika 22. Mtu wa kawaida akitembea kwa haraka kidogo huenda mita 80 kwa dakika, kwa hivyo steji iliyo mita 880 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi, imemaliza kipimo chote bila kulipa jimu. Steji ya mita 500 imekupa zaidi ya nusu. Wagonjwa wa presha na sukari huambiwa "fanya mazoezi" kana kwamba wana uwanja. Uwanja wao ni hiyo njia, na ikiwa ni jua kali, mtaro wazi na matatu zinazopanda kando, wanatoa nauli ya boda kwa mita 600. Nani wa kuwalaumu?

Kuna jambo moja ambalo wahandisi hawalisikii: mguu wa mgonjwa wa sukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua hisi za nyayo. Akijikwaa kwenye kabro (tofali la zege la kutandaza njia) iliyonyanyuka, au kipande cha chuma kikapenya champali, hahisi. Kidonda hugunduliwa kikiwa na harufu. Njia sawa isiyo na ncha ni kinga ya kukatwa mguu, kabla ya daktari yeyote. Kwa wanaotembea sasa: viatu vilivyofunika vidole, soli ngumu, na kila usiku kagua nyayo kwa kioo au mwite mtu akuangalilie. Pia kung'uta kiatu kabla ya kuvaa.

Joto nalo. Mombasa si joto tu, ni joto lenye unyevu. Jasho halikauki kwa hivyo halipozi mwili. Saa tano hadi saa tisa mchana, mzee anayemeza vidonge vya kupunguza maji asitembezwe kwenye lami tupu kwa jina la mazoezi. Alfajiri baada ya swala, au jioni.

#5 MtiKivuli

Nesi kaleta, namalizia. Kivuli ni sehemu ya barabara kama lami, na huku Pwani pengine kinazidi lami.

Mwarobaini: hukua upesi, huvumilia ukame na udongo wetu wa matumbawe, kivuli kizito. Huo ndio wa kwanza. Mkungu: kivuli kipana kama mwavuli, huvumilia chumvi, lakini mizizi yake hunyanyua kabro na kungu zikianguka zinaoza, zinateleza na kuita popo. Upandwe mita 2 au zaidi kutoka kwenye njia. Mvinje: hustahimili upepo wa bahari, kivuli chembamba, ufukweni tu. Mnazi juu ya njia ya watu, hapana. Nazi haina breki.

Shimo la mita 1 kwa 1 kwa 1. Kisiwani ukichimba nusu mita wakutana na jiwe la tumbawe, na mafundi wengi huishia hapo wakapanda. Mti unasimama miaka miwili halafu unadumaa au upepo wa kusi unauangusha. Vunja jiwe. Jaza udongo mwekundu na samadi iliyooza, tatu kwa moja. Lita 20 mara mbili kwa wiki kwa viangazi viwili vya mwanzo, na uzio wa kuzuia mbuzi, kwa sababu mbuzi wa Mombasa hawana mwenyewe hadi siku mmoja agongwe. Matawi ya chini yakatwe hadi mita 2.5 ili yasifiche mtembeaji wala taa.

Upande wa kupanda una hesabu yake. Barabara inayokwenda kaskazini-kusini, panda magharibi mwa njia ya miguu. Jua la alasiri ndilo linalochoma. Inayokwenda mashariki-magharibi, panda kaskazini mwa njia, kwa kuwa tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita kwetu liko upande wa kaskazini. Nafasi kati ya miti, mita 8.

#6 Ami_Makadara

Ndiyo maana Mji wa Kale twatembea. Vichochoro vyembamba, nyumba za ghorofa mbili tatu zimesimama karibu, jua laingia saa sita tu kisha laondoka. Roshani zafunika mpita njia. Baraza kila mlango, mzee achoka, akaa, aamkuliwa, aendelea. Wazee wetu hawakuwa na mhandisi wa barabara. Sasa boda ndizo zaharibu, zapita Ndia Kuu kama zaenda kuzima moto.

#7 VipimoPwani

@Ami_Makadara hiyo ya baraza ichukueni kwa uzito. Mzee au mjamzito apate pa kukaa kila mita 100 hivi, urefu wa kiti sentimita 45, kiwe na mahali pa kushika anapoinuka. Mitaa mipya ya Kisauni na Bamburi ina kuta ndefu za mawe zenye vigae vya chupa juu, hakuna hata jiwe la kukalia. Boda katika vichochoro huzuiliwa kwa vigingi: nafasi ya wazi sentimita 90 yapitisha kiti cha magurudumu na mkokoteni mdogo, tuktuk haipiti. Pikipiki itapita, kwa hivyo kigingi pekee hakitoshi. Weka kona mbili zilizopishana. Na kigingi kimoja kiwe cha kufunguka kwa ufunguo, wa zima moto na wa jeneza.

#8 FundiMtaro

Naona mmefika hadi miti bila kugusa mtaro. Njia ya miguu katika mitaa mingi ya Mombasa ni kifuniko cha mtaro. Mtaro ukiwa mbovu hakuna njia.

Tatizo la kwanza ni ubapa. Mtaro wataka kushuka angalau sentimita 1 kila mita 2, la sivyo mchanga hutua. Mafundi hupima kwa macho. Pimeni kwa bomba la maji, lile jembamba la kuona ndani, bei yake ndogo na halidanganyi.

La pili ni bahari. Bamvua letu hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Mtaro unaotoa maji chini ya alama ya maji makuu, mvua ikinyesha wakati bahari imejaa, maji hayatoki. Wakati mwingine bahari ndiyo huingia. Kisha watu husema mtaro umeziba, wanaitwa vijana wa kuzibua, wanazibua hewa. Mdomo wa nje utiwe mlango wa bawaba unaofunguka kwa nje tu, na ukaguliwe kila bamvua kwa sababu kome na taka huuzuia usifunge.

La tatu ni vifuniko. Vya chuma huibwa vikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kinabaki shimo la kuvunja mguu usiku. Tumieni vya zege. Ukubwa: 600 kwa 450, unene milimita 100. Kilo 65 hivi, watu wawili wanakiinua kwa ndoano. Wengi hutengeneza cha 600 kwa 900; hicho ni kilo 130, hakuna anayekiinua, kwa hivyo mtaro hausafishwi tena maisha. Chuma cha milimita 10 kila sentimita 15, upande wa chini, kikiwa kimefunikwa na zege milimita 40. Msitumie mchanga wa pwani ambao haujaoshwa. Chumvi hula chuma, zege hupasuka kwa ndani, na kifuniko huvunjika mtu akiwa juu yake. Panapopita gari: unene 150, chuma cha milimita 12 pande zote mbili.

#9 Mwana_wa_Kongowea

Swali la haraka: mtaro ukifunikwa mbu hawatazidi?

#10 Nesi_Tononoka

@Mwana_wa_Kongowea inategemea mbu gani, na huu ndio mkanganyiko wa kila siku.

Mbu wa mtaro mchafu ni Culex, anauma usiku, na Pwani ndiye anayesambaza matende na mabusha. Mtaro ukishuka vizuri na usipotuama, hakai, ufunikwe usifunikwe. Mbu wa dengue na chikungunya ni Aedes, anauma mchana na anapenda maji yaliyo safi kiasi: pipa, kopo, mtungi wa maua, na tairi kuukuu. Mombasa tulipata chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018, na dengue imerudi zaidi ya mara moja. Neti ya usiku haimgusi sana.

Basi rudini kwenye usafiri: matairi yanatoka wapi? Gereji za kando ya barabara, vibanda vya boda, uzio wa kuzuia magari kuegesha. Yai hadi mbu mzima ni siku 7 hadi 10, kwa hivyo kumwaga maji mara moja kwa wiki kunatosha kukata mzunguko, lakini mayai huvumilia ukavu kwa miezi. Tairi linalotumika kama kiti au uzio litobolewe matundu matatu upande wa chini kwa msumari wa moto, au lijazwe zege. Yanayongoja kuuzwa yawe chini ya paa. Kuyapanga wima hakusaidii, maji hukaa vilevile.

#11 KusiKaskazi

Hewa. Wengi wananunua vipima vumbi vya bei nafuu, wanaweka namba za kutisha mtandaoni. Kwa Mombasa vifaa hivyo vina ugonjwa: huhesabu chembe kwa mwali wa leza, na unyevu ukipita asilimia 75 au 80 chembe hunyonya maji na kuvimba, kifaa husoma vumbi lisilokuwepo. Chumvi ya bahari huzidisha. Usiku wa manane unyevu uko juu, namba zinapanda, watu wanasema viwanda vinafungulia moshi usiku. Huenda ni kweli, lakini kifaa hicho hakiwezi kuthibitisha.

Fanyeni hivi. Chagueni chenye kipimo cha unyevu ndani, mtupe au mrekebishe masomo yaliyopita 80. Kitundikeni mita 2 kutoka ardhini, upande wa barabara, mbali na jiko la mishkaki na bomba la jenereta. Wekeni viwili pamoja kwa wiki nzima kwanza, visipokubaliana, msiendelee. Kisha kimoja barabarani, kingine mita 150 ndani ya mtaa. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo mchango wa magari. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021 kwa chembe ndogo, zile za PM2.5, ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka na 15 kwa siku.

Someni na upepo. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, husukuma moshi wa malori ya bandarini na barabara ya Nairobi kuelekea bara, upande wa Changamwe, Mikindani na Jomvu. Kaskazi hugeuza. Mkipima mwezi mmoja tu, mmepima upepo.

Dizeli yetu ilishushwa hadi salfa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, kwa hivyo siku hizi injini yenyewe ndiyo huchangia zaidi kuliko mafuta: sindano zilizochakaa, chujio la hewa lisilobadilishwa, mzigo kupita kiasi. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua, wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji au injini baridi. Na lori lililo foleni likinguruma saa mbili mbele ya shule ni uchafu wa bure. Wapangiwe egesho lenye namba ya zamu, waitwe kwa simu, injini zimezimwa.

Tukigusa magari tusisahau betri. Owino Uhuru, pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani mwa makazi, madini ya risasi yakaingia damuni mwa watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hiyo pia ni habari ya mpangilio wa mji: nani alikubali kiwanda kile kikae pale.

#12 Konda_Mstaafu

Mimi naomba wapangaji waelewe steji. Steji iwe baada ya kivuko, si kabla. Matatu ikisimama kabla ya milia, abiria akishuka hupita mbele ya bonet, na gari linalopita halimwoni. Ikisimama baada ya milia, abiria huvuka nyuma ya gari, anaona na anaonekana.

Ya watu 14 huhitaji mita 6 na nafasi ya kutoka. Steji ya magari manne bila kubanana ni mita 30. Wakitenga mita 12 magari mawili yatasimama katikati ya barabara, kisha mtalaani makonda. Na paa la steji lisiwe bati tupu kimo cha mita 2, hilo ni tanuri, mita 2.7, pande mbili wazi upepo upite.

#13 Mwana_wa_Kongowea

Na barabara kubwa? Kwa kupanuliwa kwa hii ya Malindi na ile ya Changamwe, wanasema tutajengewa madaraja ya juu ya waenda kwa miguu. Si ndiyo salama zaidi?

#14 VipimoPwani

Salama likitumiwa. Piga hesabu: lori linataka nafasi ya mita 5.5, ongeza unene wa daraja, upo mita 6. Hizo ni ngazi 36. Kwa kiti cha magurudumu mteremko usizidi 1 kwa 12, maana yake mita 72 kupanda na 72 kushuka, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia. Ili kuvuka mita 14 za lami mtu anatembezwa zaidi ya mita 150 juani. Kijana ataruka ukingo. Mama mwenye beseni la samaki atasita kisha ataruka. Wakigongwa, tutasema hawafuati sheria.

Njia nne za gari zenye mita 3.5 kila moja ni mita 14. Mtu wa kawaida, mita 1.2 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 12. Mzee wa 0.8 anahitaji sekunde 17 na nusu. Weka kisiwa katikati: kila mmoja sasa anavuka mita 7, anatazama upande mmoja tu, sekunde 6 kwa kijana na 9 kwa mzee. Kisiwa kiwe na upana wa mita 2 angalau, ili mkokoteni wa hamali na mama mwenye kibebeo cha mtoto wasitokeze nje. Kipasuliwe usawa wa barabara, kisiwe cha kupanda. Kwa mwendo uliozidi 50 hata kisiwa hakitoshi, hapo yataka taa au kivuko kilichoinuliwa. Daraja la juu liache kwa barabara ambayo kweli haiwezi kusimamishwa, na hata hapo liunganishwe na steji moja kwa moja, ngazi zianzie mtu anaposhukia.

#15 Ami_Makadara

Na feri?

#16 KusiKaskazi

Feri itakula uzi mzima, ami. Neno moja tu: hatari ya feri ikiwa imefungwa gatini ni msongamano wa lango. Watu wanne kwa mita moja ya mraba bado wanajiongoza. Wakipita watano, umati husukumana wenyewe na aliyeanguka hainuki. Chora mraba wa mita 2 kwa 2 sakafuni, ukiona zaidi ya vichwa 16 ndani yake, lango la nyuma lifungwe hadi wapungue. Maji yakiwa makavu mteremko wa kushukia huwa mkali na unateleza, hapo namba iwe ndogo zaidi.

#17 Kabro80

Narudi kwenye njia yenyewe kwa sababu kila mwaka hutengenezwa na kila mwaka hubomoka. Upana wazi mita 1.8, hapo viti viwili vya magurudumu vyapishana. Wazi, yaani bila nguzo ya stima, bila meza ya mahamri, bila kibao cha bima. Mwuzaji hafukuzwi, atengewe mita 1.2 zake upande wa barabara. Akikosa pake atakaa pako.

Kabro ya milimita 60 kwa miguu, 80 panapokatiza gari. Chini yake kifusi cha tumbawe kilichoshindiliwa kwa mashine tabaka kwa tabaka, sentimita 10 kila moja, kisha mchanga milimita 30. Kosa la kawaida: kifusi kina mabonde, fundi anayasawazisha kwa mchanga. Palipo na mchanga mwingi patadidimia, palipo na mdogo patabaki juu, miezi sita baadaye ni mawimbi. Mawe ya ukingo yamefungwa kwa zege pande zote mbili, bila hayo kabro hutanuka kama mkeka uliokatika uzi.

#18 Karani_Wadi

Haya yote yatabaki simulizi tu msipojua mlango wa kubisha. Barabara kuu za kitaifa kama ya Malindi na ya Nairobi ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Baadhi ya barabara kubwa za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Za mitaa, taa za barabarani, maegesho na steji ni za kaunti, hayo yamo kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Ukipeleka barua ya mtaro wa mtaani kwa KeNHA umejipotezea mwezi.

Tarehe ndizo nguvu. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa hivyo maoni yenu yaingie Julai na Agosti. Waraka wa sera ya fedha, mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mradi ambao haumo kwenye mpango wa Septemba hupigwa danadana Aprili.

Barua iwe kurasa mbili: ramani yenye kipande hasa kutoka wapi hadi wapi, hesabu ya watembeaji (hesabu dakika 15 asubuhi na jioni, zidisha kwa 4), mwendo wa gari la 85, picha tatu, na kinachoombwa kwa vipimo kama alivyoandika Kabro80. "Tunaomba barabara itengenezwe" haina bei, kwa hivyo haina fungu. Mkitaka michoro ya mkandarasi au takwimu za ajali, ombeni kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu.

#19 Mwana_wa_Kongowea

Twaweza kuandika kwa Kiswahili?

#20 Karani_Wadi

Ndiyo, Kiswahili ni lugha rasmi. Toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo. Siku 21 zahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.

#21 VipimoPwani

Wanaoanza kupima wiki hii: alama za chaki hufutwa na mvua. Tumieni nguzo mbili za stima zilizopo, pimeni umbali wake kamili, kisha zidisheni umbali kwa 3.6 na mgawanye kwa sekunde. Nguzo za mita 43 ni 154.8 gawanya sekunde. Wekeni namba humu, jina la barabara na saa mliyopima.